Sikio la Nyangumi

Asubuhi ile chai ilichelewa kwa sababu jiko la mafuta lilikuwa limeziba. Mimi nimeinama, nalizibua kwa sindano. Mke wangu amekaa kwenye cherehani yake, mfupa mkononi.

"Mzee wangu, onja."

"Onja wewe. Mimi nangoja chai."

Alizoea kugusisha mfupa kwenye ncha ya ulimi. Jiwe la kawaida huteleza, mfupa wa kale hunata. Alikuwa mshonaji, shule hakufika mbali, lakini miaka kumi na tisa aliokota mifupa ya wanyama wa bahari kwenye machimbo ya chokaa nyuma ya mtaa wetu. Hapo palikuwa bahari kabla ya watu. Majirani walimwita Mama Mifupa, naye akiitika.

"Huu haunati," akasema. "Ni wa sikio la nyangumi, mgumu kupita mifupa yote. Sijauandika bado."

Akanieleza alipoupata. Ukuta upi, hatua ngapi, chini ya tabaka lipi. Mimi nikasema "mm". Sindano ilikuwa imeanza kupita.

Saa sita mchana akaanguka palepale kwenye cherehani. Hakuamka.

Alitaka mifupa yake ikakae makumbusho, na jina lake kando. Baada ya mazishi binti yetu akampigia simu bwana wa huko, naye bwana akasema atakuja Alhamisi. Nikaona nisimwaibishe marehemu kwa vumbi. Nikailoweka yote kwenye beseni, sabuni ya unga, brashi ya kufulia. Nikaianika juani. Ilipendeza.

Binti akaja. Akageuza mmoja, akageuza mwingine.

"Baba, namba ziko wapi?"

"Namba gani?"

Akakaa chini, akalia kama siku ya msiba.

Kumbe kila mfupa aliuandikia namba ndogo ya wino, na daftari lake linasema namba ipi ilitoka wapi. Sasa daftari lina namba, mifupa haina. Macho yangu yaliona uchafu tu. Nadhani aliwahi kuniambia. Nadhani nilisema "mm".

Bwana wa makumbusho alikuwa mpole. Aliushika mfupa wa sikio muda mrefu.

"Mzee, ni nyangumi kweli. Mkeo alikuwa na jicho la kutambua. Lakini bila mahali ulipotoka, mfupa hausemi kitu. Ukikumbuka mahali, hata pa huu mmoja tu, niite. Jina lake litaandikwa."

Tangu hapo naenda machimboni kila siku. Kuta ni nyingi, na zote nyeupe. Wenye machimbo wameanza kukata upande wa mashariki kwa mashine, na sijui kama ndio huo. Nawaomba wangoje. Wananiuliza wangoje nini.

Nyumbani nimejaribu kulizibua jiko lilelile, kwa sindano ileile, nimeinama vilevile, huenda maneno yakarudi. Ukuta haurudi. Hatua hazirudi. Haya nayaandika kwa herufi alizonifundisha yeye, huenda mkono ukakumbuka. Nao haukumbuki.

Kinachorudi ni cha mwisho tu, alipoona naitikia bila kusikia. Alicheka, akaja akaniwekea mfupa ule kwenye sikio langu. Ulikuwa wa baridi. Akasema:

"Huyu kafa kabla dunia haijawa na watu, na sikio lake bado lipo. Wewe uko hai, mzee wangu, la kwako liko wapi?"