Mtungi Uliokosa Pa Kukaa

Nikinusa ndizi mbivu zilizoanza kuchacha, hata iwe jikoni kwa balozi mwenzangu ughaibuni, hasira za utoto hunipanda upya. Mniwie radhi, wasomaji wangu, uzee haujanipoza.

Enzi za Mwingereza, kwetu Ntobeye, binti hakuondoka kwenda mbali mpaka wazee wa ukoo wanywe rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake, mwenye nyumba akitangulia kuonja. Mimi nilikuwa nimepata nafasi katika shule ya masista, upande wa Biharamulo. Mwalimu wa dini, ambaye ndiye angenipeleka, alikuwa anaondoka kesho yake alfajiri. Nisipokuwa tayari angemchukua binti wa jirani, ambaye gauni lake lilikwisha kufuliwa.

Rubisi ilikuwa tayari. Tatizo likawa mtungi ukae wapi. Baba alisema mtoto ni wake, basi wanywe kwake. Baba mkubwa, ambaye nyumba yake ilitazamana na yetu, alisema mkubwa hamfuati mdogo. Mjumbe nikawa mimi. Nilikwenda, nikarudi, nikaenda tena, na kila nikifika napiga magoti na kuamkia upya kama mgeni.

"Mwambie baba yako, kushika jembe nilimfundisha mimi," alisema baba mkubwa.

"Mwambie kaka yangu, jembe nimeshalijua," alijibu baba.

Jua linazama, watu wazima wamenuna. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Hawakusema kwamba nyasi nazo hukasirika. Niliukumbatia ule mtungi nikauburuta mpaka njiani, katikati ya nyumba mbili, rubisi ikinimwagikia kifuani. Kwetu mpita njia hakatazwi mtungi ulio wazi njiani. Wanawake wawili waliotoka shambani wakatua majembe, wakaanza kutafuta mirija.

Hapo wazee wangu walitoka mbio. Walipoufikia mtungi wakasimama, wakitazamana, nani aonje kwanza. Uvumilivu ukanishinda. Nikachomeka mrija, nikavuta.

Binti, mbele ya wakubwa!

"Aende," alisema baba mkubwa, akikaa chini polepole. "Masista wakamvumilie wao." Baba naye akakaa, akanywa bila kunitazama.

Nimezeekea kwenye mikutano ya mataifa, nikihangaikia mikataba ya kusomesha watoto wa nchi jirani, na nimeona mawaziri wakigoma kuingia ukumbini kwa sababu ya nani atangulie. Niliwaona wajinga, kama baba na kaka yake. Nilisema hivyo siku moja mbele ya mama, naye akanishangaa.

"Anayeonja kwanza ndiye anayekuruhusu uondoke," aliniambia. "Hakuna kati yao aliyetaka kuwa yeye. Ule ugomvi wa nyumba ulikuwa wa kukuchelewesha tu."