Daftari la Shukrani

Wiki iliyopita, nikiwa kwenye benchi la stendi ya Korogwe nikingoja basi la Handeni, nilitoa daftari langu la shukrani. Kila asubuhi naandika humo mambo matatu ninayoyashukuru. Nilifundishwa hivyo kwenye semina ya kutuliza moyo, na kweli siku hizi nalala vizuri.

Bibi mmoja mwenye kapu la tangawizi alikuwa akinichungulia waziwazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Unaandika barua?"

Nikamweleza. Kwa kujisifu kidogo nikamwonyesha hata ukurasa wa siku hiyo: jambo la kwanza, mke wangu, aliyeamka alfajiri kunipikia uji.

Bibi akaliweka kapu chini. "Na yeye huwa analisoma?"

"Hapana, bibi. Ni siri yangu."

"Sasa huyo mwenzio umemshukuru saa ngapi?"

Basi lake likaja, akajitwika kapu na kuniacha na kalamu mkononi. Nikafunua kurasa za nyuma. Mke wangu alikuwemo karibu kila siku: uji, shati lililopigwa pasi, mgongo wangu alioukanda nilipoumwa. Miezi minne nimemshukuru, na hajasikia hata neno moja. Aliyefaidi ni daftari.

Nikampigia simu palepale.

"Mama watoto, nimepiga tu kukwambia asante kwa uji wa leo. Asante kwa yote."

Kisha sauti yake ikaja ikitetemeka:

"Baba watoto, usinifiche. Uko hospitali gani?"