Mahari Yenye Riba

Serikali ilikwisha kutamka, kwa kinywa cha waziri aliyevaa joho la kuazima, kwamba shahada ya chuo kikuu ni uwekezaji unaojilipia wenyewe. Haikutaja tarehe. Waliokuwapo siku ile ya mahafali walipiga makofi, na miongoni mwao alikuwa Nasiha binti Aidarus, wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyehitimu saikolojia kwa alama ambazo babake, fundi wa kanzu, alizitangaza msikiti hadi msikiti.

Miaka sita baadaye Nasiha alikuwa mshauri nasaha katika shule moja ya binafsi huko Ganjoni, siku tatu kwa wiki, kazi yake hasa ikiwa kuwasikiliza watoto walioletwa kwake kwa kosa la kucheka darasani. Mshahara ulitosha nauli, vocha ya simu na heshima. Jioni alikuwa mshauri wa mtaa mzima, bila malipo, kwani Mji wa Kale hakuna amlipaye mtoto wa jirani ili amsikilize. Walimletea waume, wakwe na mirathi. Mmoja alimletea mbuzi asiyetaka kula. Wakishamaliza humwombea dua ndefu na kumwachia sambusa mbili. Shangazi yake, Bi Mwanakuu, aliyekaa nao nyumba moja, alikuwa na neno lake kuhusu elimu hiyo, na hakuwanyima wageni.

"Amesomea kusikiza watu," husema. "Mimi nasikiza watu tangu sijaota meno, na sijakopa hata thumni."

Nasiha alikuwa amekopa. Bodi ya mikopo ilimpa laki mbili na ishirini elfu akiwa chuoni, na kwa kuwa mshahara wa Ganjoni haukujua njia ya kwenda kwenye bodi, riba ikazaa, faini nayo ikazaa, mpaka deni likawa laki nne na themanini. Katika yote aliyotoka nayo chuoni, hilo peke yake ndilo lililokuwa likikua.

Kisha kaunti ikatangaza nafasi ya mshauri nasaha hospitalini, yenye mshahara wa mtu mzima. Mwombaji alitakiwa kuleta, pamoja na shahada, cheti cha bodi kuonyesha kwamba hadaiwi. Nasiha alimweleza babake hali ilivyo: bila kazi hawezi kulipa deni, na bila kulipa deni hawezi kupata kazi. Mzee Aidarus aliisimamisha cherehani, akafikiri, akauliza kama hilo nalo walifundishwa.

Mwezi huohuo ikaja posa ya Fuad. Fuad alikuwa na duka la matairi ya malori Makupa, na Nasiha alimjua kwa sababu ndiye aliyekuja shuleni kumchukua mpwa wake, mcheka darasani sugu. Alimpenda kwa jambo moja ambalo hakumwambia mtu: katika wanaume wote aliowahi kuzungumza nao, huyu peke yake alingoja mtu amalize. Basi alipoulizwa ataje mahari, kama ilivyo haki ya kila bibi harusi, Nasiha alikuwa na mawili ya kupata au kupoteza kwa sentensi moja, mume na kazi.

Wajumbe walikuja baada ya sala ya adhuhuri. Fuad mwenyewe, kama ilivyo ada, hakuwamo. Alisemewa na ami yake, Mzee Riyadh, mfanyabiashara ambaye hata salamu alizitoa kama anayetarajia kupunguziwa. Pamoja naye alikuwa Ustadh Jamaldin, aliyeombwa asome Fatiha tu na kuahidiwa kuwa nyumbani kabla ya alasiri. Wanaume walikaa sebuleni mbele ya sahani ya halua, wanawake chumba cha ndani, baina yao pazia, na Bi Mwanakuu akawa mjumbe wa kulipita pazia hilo. Kuulizana hali kulichukua muda mrefu hata kahawa ikapoa. Ndipo Bi Mwanakuu akatokeza.

"Nasiha yuwasema hataki kitanda wala seti ya dhahabu," alisema. "Yuwataka deni lake la chuo."

Mzee Riyadh alimtazama Aidarus. Aidarus aliitazama halua. Mzee Riyadh akasema kwamba yeye ameposea wengi, ameombwa nyumba, ameombwa safari ya Hija, lakini deni ni mara yake ya kwanza. Angelijua kuwa ni bidhaa, angelikuja na yake mwenyewe, anayo ya kutosha.

Ustadh akaingilia kwa utaratibu. Deni, alisema, si kitu cha kumkabidhi bibi harusi mkononi. Lakini akipewa fedha taslimu, ni mali yake, na akitaka kumlipa anayemdai, ni hiari yake. Wote wakaridhika. Zikaulizwa ngapi, na Bi Mwanakuu akaenda akarudi na laki nne na themanini. Hapo Ustadh, kwa uangalifu ambao baadaye aliujutia, akauliza asili yake ilikuwa ngapi. Laki mbili na ishirini. Na hizo nyingine?

Bi Mwanakuu hakuona sababu ya kuficha. "Riba," alisema. "Na faini."

Ustadh alikiweka kikombe chini. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hawezi kusimama mbele ya mihrabu akafungisha ndoa kwa riba, wala kwa faini yake. Uso wa Mzee Riyadh ukanawiri kama wa mtu aliyeokota. Ikiwa ni haramu, alisema, basi ni haramu, nani atabishana na dini? Watatoa asili, na hiyo riba wasiitaje hata kwa bahati mbaya. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupunguziwa bei kwa zaidi ya nusu bila yeye kuomba.

Nyuma ya pazia Nasiha alisikia yote. Nusu ya deni haina cheti. Bi Mwanakuu aliingia akiwa amekwisha kuyapanga maneno yake kuhusu ukoo wa Riyadh kuanzia babu, akageuka kutoka tena, na Nasiha akamshika leso.

"Shangazi, tusijibu."

"Tusijibu nini?"

"Chochote. Keti."

Kulikuwa na somo moja tu la chuoni ambalo Nasiha alilikumbuka lote. Mhadhiri aliwafundisha kwamba mtu akisema neno asiloliamini, usimpinge. Nyamaza, atalirekebisha mwenyewe. Bi Mwanakuu hakuwahi kunyamaza mbele ya Riyadh tangu utotoni. Aliketi kitandani, akauma pindo la leso.

Sebuleni, Mzee Riyadh alingoja jibu. Halikuja. Alikohoa. Aliyasifu maboriti ya dari. Akasema kwamba kwa kweli zile laki mbili na ishirini zilikuwa za kufungulia mazungumzo tu, kila mtu anajua. Pazia halikutikisika. Akasema Fuad si mtoto bahili, na kwamba laki tatu si fedha za kuvunjia posa ya watu waungwana. Akamuuliza Aidarus kama wanawake wameondoka. Aidarus, ambaye hakujua zaidi yake, alipandisha mabega, na Riyadh akaona hapo ukaidi wa mtu mgumu kweli, akaongeza hamsini. Ustadh alichungulia saa. Riyadh akaongeza tena, akapangusa shingo, akaongeza, mpaka akafika laki nne na themanini, akiwa amebishana na mtu mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe.

"Lakini bado ni riba," Ustadh alikumbusha.

"Ustadh, seti ya dhahabu waijua?" Riyadh akamuuliza.

"Dhahabu naijua."

"Basi asili ni taslimu. Zilizobaki, dhahabu."

Ustadh hakuuliza dhahabu hiyo itakwenda wapi baada ya harusi, na huo nao ni usomi. Fatiha ikasomwa. Bi Mwanakuu akatokeza na kahawa mpya, akasema wamekubali, kwa sauti ya mtu aliyetoka kuzamia. Kwa hesabu ya Nasiha, ilikuwa mara ya kwanza saikolojia kumwingizia kitu kisichoweza kuliwa.

Ndoa ilifungwa Ijumaa ya pili. Msikitini zikatajwa laki mbili na ishirini taslimu na seti ya dhahabu, na wazee wakaitikia kwamba hayo ndiyo mahari ya heshima, si haya mambo ya siku hizi. Dhahabu ilivaliwa siku moja. Jumatatu ilikuwa imerudi kwa sonara aliyeiuza, ambaye alikwisha kuombwa asilitupe sanduku lake. Bodi ikalipwa asili, riba na faini, cheti kikatoka, Nasiha akaomba kazi na kuitwa kwenye usaili. Walimuuliza kama amewahi kuutumia ujuzi wake nje ya shule. Alisema amewahi, katika jambo la kifamilia. Wakamchukua.

Siku ya kwanza ya kazi, Fuad alimfikisha hadi lango la hospitali, akangoja aingie, kisha akaenda Makupa kufungua duka. Matairi aliyaanza zamani, alipoacha shule darasa la saba.