Maiti Mwenye Haraka

Sumaili wa Naviundu, pembeni mwa Lubumbashi, alikuwa seremala mzuri na jirani mgumu. Viti vyake havikutikisika, na neno lake vilevile. Ukishaambiwa "hapana" na Sumaili, ulibaki na njia moja tu, kwenda kumlalamikia mke wake Mwajuma, naye alikukaribisha vizuri, akakupa kigoda, akakwambia kwamba hata yeye alishaambiwa hapana asubuhi.

Baba yake alitoka Kasongo, kule Maniema, akaingia mjini wakati Lubumbashi bado ina jina la Wabelgiji. Alipofariki alimwachia mwanawe randa na jeneza. Si sanduku la kuzikwa nalo. Waislamu humzika mtu kwa sanda, basi jeneza ni kitanda cha kumfikisha makaburini: mbao ngumu, mikono minne ya kubebea, fito zilizopindwa juu yake, na kitambaa kijani cha kufunika. Lilikuwa mali ya msikiti wa Kamalondo, lakini msikitini hapakuwa na nafasi, kwa hiyo lilikaa karakanani kwa Sumaili, limetundikwa ukutani, na ole wake mwenye kuligusa. Kila Alhamisi alilipaka mafuta kwa kitambaa laini. Mwajuma alisema kama angepakwa yeye mafuta namna ile, mpaka leo angekuwa msichana.

Kazi hiyo ilimpa sifa ambayo hakuiomba. Miaka ile Naviundu haikuwa na zahanati, wala muuguzi, wala hata mtu mwenye sindano. Kampuni ya shaba ilikuwa na hospitali safi, vitanda vyeupe, lakini kwa wafanyakazi wake, wake zao na watoto wao. Kama mume wako anauza makaa, hospitali ile uliitazama jinsi mtu anavyotazama harusi ambayo hakualikwa. Ya serikali ilikuwa mbali, ng'ambo ya mji, si mbaya kwa mtu mwenye miguu yenye afya, lakini mwenye miguu yenye afya anaenda hospitali kufanya nini?

Basi sisi wa Naviundu tulitibiwa na Sumaili. Dawa hakujua hata moja. Ila alikuwa na adabu ya kuwatembelea wagonjwa. Aliingia, akaketi, akamtazama mgonjwa kuanzia kichwani mpaka vidoleni kwa lile jicho lake la kupimia mbao, akauliza kwa upole, "Unaendeleaje?" Kesho yake asubuhi mgonjwa alionekana sokoni, anatetemeka kwa homa, anasalimia watu kwa sauti kubwa ili habari zimfikie Sumaili kwamba fulani yuko mzima kabisa.

Ikaja Jumamosi ya Wivine.

Wivine alikuwa mke wa Kapya, jirani wa ukuta kwa ukuta. Kwenye karatasi za serikali aliitwa Nkandu, maana majina ya Kizungu yalikuwa yamepigwa marufuku, lakini hakuna aliyewahi kumwita hivyo isipokuwa karani. Kapya alikuwa mbali, Mitwaba, kununua maharagwe, na mimba ya mkewe ilikuwa imeshatimiza siku zake. Mwajuma, ambaye nusu ya watoto wa mtaa walipitia mikononi mwake, alikaa naye tangu alfajiri. Jua lilipopanda akatoka, akafuta mikono, akaja karakanani, na uso wake haukuwa wa kawaida.

"Mutoto amelala mukingamo," akasema. "Hii kazi si yangu tena. Hii ni ya munganga na kisu yake. Tukikawia mpaka sala ya azuhuri, tutabakosa bote wawili."

Sumaili akaweka randa chini. "Teksi?"

"Leo iko salongo."

Kwa yule asiyezijua Jumamosi zile: salongo ilikuwa kazi ya lazima. Kila raia alitoka na jembe au fagio, akafyeka majani, akazibua mifereji, na vijana wa Chama tawala walisimama barabarani na vipenga vyao. Teksi hazikutembea. Mwenye kukutwa njiani alipewa jembe kwanza, maswali baadaye. Na usifikiri mimba ingemwokoa mtu. Chama kilifundisha kwamba kila raia wa Zaire ni mwanachama, hata yule aliye tumboni, na vijana walilishika fundisho hilo sawasawa. Wiki iliyotangulia walimsimamisha mgonjwa wa majipu aliyesukumwa juu ya baiskeli, wakamhurumia, wakampa fagio afagie akiwa amekaa.

Kuhusu waliokufa, Chama hakikusema kitu. Mazishi yalipita.

Mwajuma aliinua uso. Alitazama ukutani.

"Hapana," akasema Sumaili.

"Sijasema kintu."

"Najua unataka kusema nini. Hapana. Ile iko ya maiti."

"Basi tungoje kidogo," akasema Mwajuma. "Kufika saa sita itakuwa haki yake."

Sumaili alikasirika. Kisha akapanda kwenye kigoda akalishusha jeneza.

Akaitwa Abibu, mshonaji, rafiki yake wa miaka mingi, na majirani wengine wawili. Abibu ndiye aliyekishona kile kitambaa kijani, na alipoelezwa shauri lenyewe alishika kichwa, akasema ni dhambi, akasema ni aibu, akasema mwenye kuzaa anatoa maji na kitambaa kile hakikubali kufuliwa. Mwajuma akamwambia ashike mkono wa nyuma upande wa kushoto. Akashika.

Wivine, Mkatoliki wa kubatizwa, alipiga ishara ya msalaba akalala juu ya kitanda cha Waislamu. Alikuwa na jasho usoni, lakini ulimi wake haukuwa umechoka.

"Papa Sumaili, hii kintu imebeba bantu bangapi?"

"Wee lala, mwanangu."

"Banalalamikaka?"

"Hata mumoja bado."

Wakamfunika, wakainua, wakaondoka. Mwajuma akafuata nyuma. Kwa Waislamu wanawake hawasindikizi jeneza, na kulia kwa makelele hakufai. Siku hiyo Mwajuma aliyavunja yote mawili kwa mpigo mmoja, maana kila uchungu ulipompanda Wivine, ilibidi mtu apige yowe kubwa zaidi ya lake. Uchungu ulipotulia, naye alinyamaza ghafla, akafuta uso, akarekebisha kitambaa cha kichwa. Watu wa njiani walishangaa. Hawajaona msiba wa namna ile, unaokuja na kuondoka.

Hata hivyo walisimama, wakavua kofia. Na uzuri wa jeneza ni kwamba hakuna anayelibeba mbali. Kila mwanamume aliye njiani huingiza bega, akaenda hatua chache, akampisha mwenzake, apate thawabu. Jumamosi ile thawabu ilitafutwa kuliko siku zote, kwa sababu aliye chini ya jeneza hafyeki majani. Walibanana. Walisukumana. Wakristo, wasio na dini, walevi wa jana, wote waliona huruma kwa marehemu. Jeneza likaenda mbio kama lisivyowahi kwenda, na Sumaili, aliyekuwa ameshika mkono wa mbele, aliogopa kwamba mmoja wao atajikwaa.

Kwenye kizuizi karibu na daraja alisimama Chomba. Huyu alikuwa kijana wa Chama, shati limepigwa pasi, kipenga shingoni, mwenye sifa ya kutoacha mtu. Alipoliona jeneza aliondoa gogo mwenyewe. Zaidi ya hapo, akataka kuonyesha kwamba na yeye amelelewa kwao: akaja akampokea jirani mmoja, akaweka bega lake laini chini ya mkono wa pili wa mbele, sambamba na Sumaili.

Chomba alikuwa mrefu. Jeneza likainama.

"Weye wa upande huu," sauti ikatoka chini ya kitambaa, "shusha kidogo. Damu yote inaenda kwa miguu."

Chomba hakukimbia. Siyo kwamba hakutaka, alikuwa amebeba. Akaenda hatua kadhaa macho yamemtoka, kisha akamwita raia kwa Kifaransa, kama Chama kilivyofundisha, kwa sauti ndogo, ya heshima, "Citoyen. Maiti yenu inasema."

"Iko mutu wa maneno mingi," akajibu Sumaili bila kugeuka. "Hata kabla ya kufa alikuwa hivyo."

Hapo uchungu mkubwa ukaja, na Mwajuma, maskini, alikuwa ameinama kutoa jiwe katika kiatu. Wivine akapiga ukelele ambao haukuwa na mtu wa kuufunika. Majembe yakaanguka. Mafagio yakaanguka. Watu wa salongo pande zote za barabara waliruka mifereji ile ile waliyotoka kuizibua, na kufumba na kufumbua palibaki wabebaji wanne, yule jirani aliyepokewa, na Mwajuma, kiatu mkononi.

"Anazala," Sumaili akamwambia Chomba. Uwongo ulikuwa umemwishia. "Mutoto amelala mubaya. Tukisimama hapa anakufa. Kama unataka kutufunga, utufunge kule lupitali."

Chomba alifikiri. Ilionekana usoni kwamba anafikiri, na kwamba si kazi aliyoizoea. Aliye hai lazima afanye salongo. Aliye tumboni ni mwanachama. Mwanachama akifia barabarani mbele ya kizuizi chake, nani atajibu? Au labda sina haki ya kumcheka, labda alisikia tu mwanamke analia. Alimwita jirani arudi chini ya mkono, akatia kipenga mdomoni, akakimbia mbele.

Vizuizi vyote vilivyobaki vilifunguka. Katika kila kimoja Chomba alipuliza, akatoa kipenga, akapiga kelele, "Pisheni njia. Maiti iko na haraka." Na hakuna aliyeuliza haraka ya nini.

Mlangoni pa hospitali ya serikali mzee wa ulinzi alilitazama jeneza, akatikisa kichwa. Miaka yote ameona majeneza yakitoka. Hili la kuingia halikuwa katika maagizo yake.

"Maiti inapita nyuma," akasema.

"Huyu iko muzima," akasema Sumaili.

"Kama iko muzima, anatafuta nini mule mu jeneza?"

Kitambaa kijani kikafunuka. Wivine akatoa kichwa, nywele zimesimama, akamwambia, "Papa, fungua, ama nitazalia juu ya viatu yako." Mzee akafungua.

Walimpeleka ndani moja kwa moja. Wanaume wakakaa uani, jeneza tupu limelala katikati yao, na kila aliyekuja kumwona mgonjwa wake aliwapa pole. Abibu alikuwa anakitazama kitambaa chake kilicholowa. Chomba alikuwa na kipenga bado mdomoni, na kila akihema kililia kidogo. Sumaili alisali pale pale, chini, kwenye vumbi, na hakukumbuka hata mara moja ni rakaa ngapi amefika. Mwajuma alipotoka alikuwa analia kweli sasa, na wote wakasimama wakidhani wamechelewa. "Banamukata, banamushona," akasema. "Ni binti. Banapumua bote wawili."

Lakini Sumaili alikuwa ametumia mali ya msikiti bila ruhusa. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, wazee walikaa Kamalondo kumhukumu. Abibu, rafiki yake, ndiye aliyesema kwa kirefu zaidi. Alisema kitanda cha wafu kimetumiwa kwa uzazi. Alisema kimebeba mwanamke hai, asiye wa dini, mbele ya wanaume, kwa kelele na udanganyifu. Alisema kitambaa. Akarudia kitambaa. Wengine wakataka jeneza litoke kwa Sumaili, likakae kwa mtu mwenye busara.

Mwalimu Kasimu, imamu, alisikiliza wote, kisha akamgeukia mshitakiwa. Alikuwa mpole, lakini hakuwa mtu wa kupindisha sheria kwa ajili ya mtu.

"Sumaili, hukujua kwamba hii kintu iko ya maiti?"

"Nilijua, Mwalimu. Ndiyo maana nilikataa kwanza." Sumaili alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Hakuwa mzoefu wa kujitetea. "Lakini Mwalimu, weye unajua njia ya makaburi. Kutoka kwetu, tunapita wapi?"

Kasimu alimwashiria aendelee.

"Tunapita mbele ya mulango ya lupitali. Kila muntu wa Naviundu nimemupitisha pale. Batoto ya kuhara, nimebapitisha. Bazee ya kifua, nimebapitisha. Bote tayari bamekufa, na bote tulibabeba mbio, mabega ya kutosha, njia wazi. Siku mbili kabla bafe, hata muntu wa kubasindikiza lupitali hakupatikana." Akaigeuza kofia. "Adija naye nilimupitisha pale. Ule mulango ulikuwa wazi, Mwalimu. Niliuona. Tukaendelea."

Abibu aliinamisha kichwa. Adija alikuwa mke wa Mwalimu Kasimu. Alikufa mwaka wa mvua nyingi, baada ya kuharisha siku chache, na mumewe alikuwa miongoni mwa waliombeba.

Nje, mitaani Kamalondo, cherehani zilikuwa zinaendelea na kazi yao. Mwalimu Kasimu aliunyoosha mkeka kwa kiganja, na wazee wakangoja hukumu, na Sumaili akawa ameshakubali moyoni kwamba jeneza limekwenda.

"Ile ingine," Kasimu akasema mwishoni. "Ile ingine ya bazima utatengeneza na mbao gani?"

"Mulombwa, Mwalimu. Si nzito sana."

"Muzuri. Na uitie kivuli juu. Mugonjwa anasikiaka jua."