Mbegu Isiyo na Mlango

Huyu ni Bi Jiko: binti wa mkunga aliyepokea nusu ya mtaa, mjukuu wa mwashi ambaye kuta zake hadi leo hazijapata ufa, mjane wa fundi bomba, na yeye mwenyewe mpishi wa bakteria katika maabara tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Usicheke. Bakteria nao hula, na asiyejua kuwapikia huwaua.

Mchana alichemsha mchuzi, akaziba chupa kwa pamba, akazipitisha kwenye jiko la mvuke. Jioni alikula kwake peke yake, kasimama, sufuria mkononi. Tangu amzike mumewe hakumfungulia mtu. Majirani walibisha hodi, wakachoka.

Katika chupa zote, moja aliipenda kuliko nyingine. Daktari wa maabara alimweleza zamani: protini ya nyama ikivunjwavunjwa hubaki vipande vifupi, punje mbili tatu zimeshikana kama shanga. Ngozi ya bakteria ina milango ya kuviingizia, nayo milango ni protini vilevile. Hukidaka kipande nje, hujigeuza, hukiachia ndani, kikakatwe kiwe punje za kujengea mwili. Mbegu ya chupa ile, yaani ukoo wa bakteria waliokaa humo, ilizaliwa bila milango hiyo. Milango mingine iliyo nayo hupitisha punje moja moja tu. Basi Bi Jiko akaipikia mchuzi wake mwepesi, wenye punje zilizokwisha kuachanishwa. Na jokofu lililotunza akiba ya mbegu hiyo lilishaharibika. Mbegu ikifa chupani, ndiyo imetoweka.

Zikiwa zimebaki siku chache astaafu, homa ikamlaza. Aliporudi, siku moja kabla ya ile ya mwisho, akakuta chupa inang'aa kama maji ya kisima. Kwa wapishi wa aina yake huo ni msiba: mchuzi ukiingia ukungu kama wa asubuhi ndipo walaji wameshiba.

"Nani kawalisha hawa?"

"Mimi," alisema Bi Povu, mwosha chupa, mwenzake wa utani miaka nenda miaka rudi, ingawa hawakuwahi kutembeleana. "Niliwaonea huruma, shoga. Mchuzi wako maji ya kunawia! Nikawapa ule wa nyama, mzito."

"Umewaua kwa ukarimu. Hawana pa kuupitishia."

"Chakula kiwafike puani, nao wafe njaa?"

"Ndivyo walivyo."

Bi Povu akaifuta mikono polepole. "Kumbe kama wewe. Juzi nimeleta uji mlangoni kwako, nimebisha mpaka vidole vikauma. Nikarudi nao."

Bi Jiko alikuwa amesikia. Alilala akihesabu hodi zikipungua, mpaka zikakoma. Alichukua tone kutoka ile chupa angavu, huenda wachache wamesalia, akalitia katika mchuzi mwepesi, akaiweka chupa mpya kwenye kabati la joto.

Asubuhi alifika kabla ya mfagiaji. Akaiinua chupa dirishani. Ukungu! Mwembamba, lakini ukungu.

Bi Povu alipoingia, alipewa chupa mkononi.

"Kila Jumatatu, mchuzi mwepesi. Usiwaonee huruma."

"Na wewe nani atakulisha?"

Bi Jiko akafungua fundo la kanga, akatoa ufunguo wa nyumba yake.

"Ukishawalisha, njoo uniambie wameamkaje. Usibishe hodi, masikio ninayo, miguu ndiyo hukataa. Fungua uingie. Na usije na sufuria zima, shoga. Lete kidogo kidogo."