Vitaa vyangu vilinukia vizuri mno

Leo mteja amenikasirikia sababu bidhaa yangu hainuki mavi.

Chekeni, lakini ni kweli.

Mnajua natengeneza vile vitaa vya mavi ya ng'ombe, vyenye Wahindi wa hapa Durban wanawasha kwa sikukuu yao ya Diwali. Jana nikaona haya na ile harufu. Nikavipulizia marashi ya saluni, vyote!

Asubuhi, kwa meza yangu sokoni, mama mmoja wa Kihindi akachukua kimoja, akanusa, akakunja uso.

"Dada, hii ni udongo tu. Mimi nataka ya ng'ombe, ndiyo safi kwa maombi."

Eish! Nikaapa kwa jina la Yesu kwamba ni mavi kweli, mbele ya meza ya vitaa vya Diwali, jamani. Hakuamini.

Nikabaki na kitu kimoja tu: nikamnyooshea mikono. Hii mikono nimeisugua na sabuni, na ndimu, bure.

Akanusa vidole. Akacheka mpaka akashika meza.

"Aah, ng'ombe iko hapa!"

Akabeba boksi nzima.

Sasa niko nyumbani, bwana yangu anakataa nimshike shavu. Wamama, nani iko na kosa hapa?

Na kuku yenye hii mikono imeleta, yeye anakula kipande ya pili.