Mtori wa Gereji na Dole la Kijani

Jamani, mimi ni mpaka rangi kwenye gereji moja hapa Moshi, na mdomo wangu utaniua kabla ya rangi.

Bosi alitundika sanduku la maoni ili tueleze shida zetu bila kutaja majina. Wenzangu waliomba bafu na benchi la kupumzikia. Mimi nikajiona shujaa, nikaandika: "Mtori wa kantini ni ndizi tupu, hauna nyama. Nyama inapita kwenye sufuria kusalimia tu, kisha inapanda gari kwenda kijijini Kilema, nyumbani kwa mpishi."

Jana mchana bosi akatukusanya kantini, akayasoma maoni yote kwa sauti. Alipomaliza yangu, Mama Aneti, mpishi wetu, akaweka upawa chini. Macho yalimjaa machozi.

Nikaruka juu kabla ya wote, mikono hewani. "Aliyeandika huo upuuzi hana adabu! Mama, shikamoo! Mtori wako ni dawa! Huyo mtu atafutwe, aje na jani la isale, kama mila ya Wachaga inavyotaka, akuombe msamaha mbele yetu!"

Wakanipigia makofi. Nikainama kidogo, kama mheshimiwa.

Ndipo bosi akaigeuza ile karatasi. Nyuma palikuwa na alama ya dole gumba, kijani kibichi.

Mafundi wakatazama mikono yao: yote myeusi kwa oili. Kisha wakatazama yangu, iliyokuwa bado juu. Wiki nzima nilikuwa napaka gari la watalii rangi ya kijani.

"Marahaba, mwanangu," akasema Mama Aneti taratibu. "Isale limeota pale nyuma ya jiko. Kakate."